Polisi wapo, mahakama ipo, jela ipo, mbona mtu anatoka leo kesho karudi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Mbagala. Kuna kijana wa hapa kwetu alivunja duka akafungwa mwaka, katoka, haikupita hata miezi mingi kakamatwa tena kwa kosa lile lile. Wananchi wananiuliza mimi. Vyombo vyote tunavyo na kodi tunalipa, kwa nini vinashindwa kuzuia uhalifu na kwa nini hawa wanaotoka wanarudi kule kule? Na sisi wa mtaani kuna tunachoweza kufanya au tukae tu?

JIBU: Mjumbe, asante kwa swali. Nitakujibu kwa urefu kidogo mana hili jambo kila mtu ana jibu lake la haraka, huyu atakwambia rushwa, yule atakwambia vijana wa sa hivi wavivu, mwingine adhabu ndogo waongezewe miaka, alafu mjadala unaishia hapo na kijana wako anaendelea kuvunja maduka. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ya probesheni, yani kumfuatilia mtu ambaye mahakama imemhukumu ila anatumikia adhabu akiwa nje, kwahiyo hao unaowasema nimekaa nao, nimekaa na mama zao, na wajumbe kama wewe.

Anza na hili. Mhalifu mmoja anapita mikono mingi. Polisi wanamkamata, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaendesha kesi, hakimu anahukumu, magereza wanampokea na kumtunza mpaka siku zake ziishe. Wizara zaidi ya moja, bajeti tofauti, mahakama ni mhimili kabisa unaojitegemea. Sasa angalia kila mmoja anajipimaje: polisi kwa watuhumiwa waliokamatwa, mwendesha mashtaka kwa kesi alizoshinda, hakimu kwa mashauri aliyomaliza, bwana jela kwa kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Kila mmoja anaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, mwisho wa mwaka akasifiwa, na kijana wako akarudi ndani vile vile, kwa sababu katika hao wote hakuna anayebanwa kwa swali la "yule uliyemwachia Machi, Disemba yuko wapi?" Hilo kwangu ndio jibu lenyewe, mengine yote ntakayosema yanatokana na hapo.

Serikali yenyewe haijakaa kimya. Januari 2023 Rais Samia alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, yani hao hao polisi, mashtaka, mahakama na magereza, mwenyekiti akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo huo wakakabidhi ripoti. Moja ya mapendekezo ni Jeshi la Polisi libadilike liwe huduma ya polisi, na sio jina tu libadilike, kufikiri kubadilike. Kwahiyo swali lako ni kubwa na limeshafika juu kabisa.

Sasa hili la kuongeza miaka. Adhabu kali tunazo mjumbe, hatujawahi kuzikosa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30. Wizi wa mifugo tangu sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1972 haupungui miaka mitano. Na ng'ombe bado wanaibiwa. Kwa nini? Kwa sababu kijana anayekwapua simu kwenye daladala hapigi hesabu ya miaka, anapiga hesabu ya kukamatwa. Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliliandika hili mwaka 1764, kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na utafiti wa miaka yote iliyofuata umekuwa ukirudi hapo hapo. Huku kwetu huo uhakika ndio haupo. Ukiibiwa simu ya laki mbili unaenda kituoni unafungua jalada, unaambiwa njoo kesho, mpelelezi hayupo, wengine wanalalamika wameombwa mpaka hela ya mafuta ya gari, basi unaona bora ununue simu nyingine. Hata kesi ikifika mahakamani shahidi anaitwa leo inaahirishwa, anaitwa tena inaahirishwa, mama muuza vitumbua atafunga biashara mara ngapi? Mara ya nne haji. Kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi, kijana anatoka anacheka, na nyie mtaani mnasema hakimu kahongwa. Kesho yake akikamatwa tena hamumpeleki popote, mnamaliza wenyewe, ndio ile tunayoisoma kila siku kwamba kauawa na wananchi wenye hasira kali. Huo nao ni uhalifu, tena mkubwa kuliko simu.

Doria je? Watu wengi wanaamini difenda za polisi zikizunguka usiku kucha wezi wataisha. Kansas City huko Marekani walilijaribu hilo mwaka 1972 mpaka 1973, wakachukua maeneo 15, mengine wakaondoa doria ya kawaida kabisa polisi wanaenda pale tu wanapoitwa, mengine wakaongeza gari mara mbili mpaka tatu, mengine wakaacha kama yalivyo. Uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, hata hofu ya wananchi haikubadilika. Baadae Minneapolis wakagundua kitu ambacho we mjumbe unakijua bila utafiti: karibu nusu ya simu zote za kuita polisi zilitoka kwenye kama asilimia 3 tu ya anwani za mji mzima. Yani ni uchochoro ule ule, baa ile ile, stendi ile ile. Polisi akikaa kwenye hizo sehemu chache, kwa saa zinazojulikana, hapo inasaidia. Ila ili azijue lazima wananchi wamwambie, na mwananchi hamwambii polisi anayemuogopa. Ndio mana mimi polisi kata naipenda, mkaguzi anakaa kwenye kata, anajulikana, anakunywa chai na watu. Tatizo linakuja akihamishwa, mtandao wote wa watu aliojenga unahama nae.

Alafu kuna zile operesheni. Unakumbuka Panya Road, yale makundi ya vijana wa mapanga, Januari 2015 Dar nzima ilikimbia jioni moja, maduka yakafungwa watu wakalala saa moja. Polisi wakafanya msako mkubwa, kukatulia. 2022 wakaibuka tena Chanika na kwingine, safari hii mpaka watu wakauawa, msako tena, kukatulia tena. Mimi sisemi msako usifanyike, watu wakiwa wanakatwa mapanga lazima polisi waingie. Ila wale wa 2022 wengi ni watoto ambao 2015 walikuwa darasa la pili la tatu. Msako unaondoa waliopo, yule mdogo aliyekuwa anawaangalia kwa mbali anabaki pale pale kwenye kijiwe, shule kaacha, nyumbani hakuna anayeuliza kalala wapi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho watu hawakioni, mahabusu. Magereza yetu yote kwa pamoja uwezo wake rasmi ni kama watu 30,000, na kwa miaka mingi idadi imekuwa ikipita hapo, na katika hao waliomo karibu nusu hawajahukumiwa. Soma tena hapo. Karibu nusu wanasubiri tu. Kuna makosa kwa sheria yetu hayana dhamana kabisa, unyang'anyi wa silaha ni mojawapo, lakini wengi wako mle kwa makosa yenye dhamana na dhamana ipo wazi, wamekosa masharti. Hakimu anasema wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho, bondi laki tano kila mmoja. Kwa wewe na mimi hilo dogo. Kwa kijana aliyetoka Kigoma anaishi chumba kimoja na wenzake wanne Mtoni, anapiga debe, hao wenzake hata vitambulisho hawana na wakisikia mahakama wanakimbia, hilo ni ukuta. Kwahiyo anapandishwa karandinga anaenda gereza la Keko au Segerea, baada ya siku 14 analetwa, "upelelezi haujakamilika mheshimiwa", anarudishwa, siku 14 nyingine. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa kwamba mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika isipokuwa kwa makosa makubwa, na hilo ni jema, ila waliokwama kwa kukosa wadhamini bado wapo.

Fikiria miezi minane ya hivyo inamfanyia nini mtu. Mwenye nyumba kodi hajaipata, kafungua chumba, godoro na jiko kampa mpangaji mpya au kavitupa nje. Bodaboda aliyokuwa anaendesha kwa mkataba, tajiri kampa mwingine. Laini imeshafungwa, namba za watu wake wote zilikuwa kwenye simu na simu haijulikani iko wapi. Mwanamke aliyekuwa nae kaenda kwao na mtoto. Na ndani huko kalala ubavu kwa ubavu na watu wenye kesi za silaha na unga, kakaa nao miezi minane hana cha kufanya zaidi ya kusikiliza stori, na hao ndio waliompa sabuni na kumkinga asionewe. Alafu siku moja shahidi kakosekana, kesi imefutwa, uko huru nenda. Aliingia anatuhumiwa kwa wizi wa jenereta, anatoka hana chumba hana kazi, ila ana namba tatu za watu wa maana kichwani, wote wa humo ndani. Tulitaka kuzuia uhalifu, tumeutengeneza, na kwa hela ya serikali.

Humo humo kuna wale wa uzembe na uzururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake ni Arusha hapa hapa kwetu, ilitoa maoni yake Disemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinazomkamata mtu kwa kuwa hana kazi wala makazi zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mimi naongeza tu la kikazi: kumfunga mtu kwa sababu hana pa kulala ni kumuhakikishia kwamba akitoka atakuwa hana pa kulala.

Kwa waliohukumiwa, magereza wanafundisha kazi, tusiwavunjie heshima. Karanga kule Moshi wanatengeneza viatu vya ngozi vizuri tu, kwingine useremala, ushonaji, kilimo. Ila msongamano unaua hiyo nia nzuri, askari wachache watu wengi, nguvu zote zinaenda kwenye kuhesabu vichwa asubuhi na jioni. Na aliyejifunza kushona akitoka hana cherehani. Aliyelima mahindi miaka mitatu anarudishwa Mbagala ambako hakuna shamba.

Siku ya kutoka ndio siku niliyokuwa naiogopa kuliko zote. Anafunguliwa geti asubuhi, kavaa nguo alizoingia nazo, kama ana bahati na nauli ya kufika kwao. Kwao wapi? Akifika mtaani watoto wanasema huyo mwizi katoka, shangazi anaficha redio, ndugu yake anamwambia kaa siku mbili tatu tutaona. Wiki ile ya kwanza ndio kila kitu kinaamuliwa. Na wiki ile ndio ambayo hakuna ofisa yeyote wa serikali anayemjua yuko wapi, magereza wamemalizana nae, polisi watamkumbuka pakiibiwa, probesheni inawashika tu wale ambao mahakama imewapa adhabu ya nje. Sasa zidisha hiyo kwa misamaha ya Rais ya Aprili 26 na Disemba 9. Mwaka 2019 pale Mwanza Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Msamaha ni ubinadamu na unapunguza msongamano, mimi siupingi hata kidogo, ila maelfu ya watu kutoka karibu siku moja bila mtu wa kuwapokea, hapo tunategemea muujiza.

Na usidhani wenye hela wameliweza. Marekani, nchi yenye wafungwa wengi kuliko karibu zote duniani, waliwafuatilia watu waliotoka jela mwaka 2005 kwenye majimbo 30, ndani ya miaka mitatu kama theluthi mbili walikuwa wamekamatwa tena, ndani ya mitano ikafika robo tatu na zaidi. Kwahiyo jela peke yake, hata ikiwa na vitanda vya chuma na kamera, haimbadilishi mtu.

Kinachobadilisha kipo. Monrovia, Liberia, watafiti waliwachukua vijana 999 wa mtaani, wezi wa mifukoni, wauza unga, wengine walipita kwenye vita, wakawagawa makundi kwa bahati nasibu. Wengine walipewa mafunzo ya wiki 8 ya kujizuia hasira, kufikiri kabla ya kutenda, kujiona kama mtu wa kawaida, mpaka kunyoa nywele na kwenda kuingia dukani kama mteja. Wengine walipewa dola 200 tu. Wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Hela peke yake haikudumu, mafunzo peke yake yalisaidia ila yakapoa baada ya mda, waliopewa vyote viwili wizi na ugomvi ulishuka karibu nusu, na walipotafutwa baada ya miaka 10 bado walikuwa chini vile vile. Wiki nane na dola 200. Piga hesabu mfungwa mmoja anakula shilingi ngapi kwa miaka mitatu.

Na hapa kwetu kuna mfano ambao naupenda sana japo hauko kwenye vyombo vya sheria kabisa. Mateja, yani watumiaji wa unga. Mtu mwenye arosto asubuhi haibi kwa ubaya, anaiba kwa sababu mwili unamuuma mpaka apate kete, atang'oa mita ya maji, atachukua sufuria ya mama yake iko motoni. Utamfunga mara kumi atarudi mara kumi. Muhimbili walianza kliniki ya methadoni mwaka 2011, baadae Mwananyamala na Temeke zikafuata, mtu anaenda kila siku anakunywa dawa mbele ya nesi, arosto haipo, anaweza kukaa na akili yake akafanya kazi. Kuna familia Temeke zimepata watoto wao kwa kikombe kile baada ya polisi, fimbo, na waganga kushindwa wote.

Ndio nije kwako sasa, mtafanya nini. Mjumbe, we una nguvu kuliko unavyodhani, na iko kwenye barua. Barua ya dhamana inatoka ofisini kwenu. Barua ya kijana kuingia kikundi cha mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo katika hizo 4 ni za vijana, inapita kwenu pia, na nimeona vijana wengi waliotoka ndani wanakwama hapo hapo kwa sababu mtu wa mtaa kasema "huyu hapana". Mpeni. Sio kwa kumficha, andika ukweli kwamba alifungwa katumikia kamaliza, na sisi mtaa tunamfahamu.

Pili, adhabu ya nje. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu ambaye angefungwa miaka mitatu kushuka chini atumikie kwa kufanya kazi bila malipo kwenye shule au zahanati, jioni analala kwake. Ila hakimu hatoi hewani, anategemea ripoti ya afisa probesheni, na huyo afisa anakuja mtaani kuuliza ana ndugu? anaishi wapi? mtaa unasemaje? Mara nyingi tulikuwa tunafika tunaambiwa "huyo mfungeni tu tupumzike". Tunaandika hivyo hivyo, anafungwa, mnapumzika kweli miezi nane, alafu anarudi na wale marafiki niliokwambia. Najua mwenye duka ameumia, na ana haki ya kulipwa, tena kwenye adhabu ya nje mahakama inaweza kuamuru kijana alipe fidia, akiwa gereza la Ukonga atamlipa na nini? Haya siyasemi kwa mbakaji wala muuaji, hao jela ni mahali pao na jamii lazima ilindwe. Nasema kwa huyu wa kuvunja duka la vocha.

Kijana wako huyu ameshakamatwa tena kwahiyo bado yuko kwenye hatua za mwanzo. Nenda mahakama aliyofikishwa, muulize karani kesi yake ni ya tarehe ngapi na afisa probesheni wa wilaya anapatikana ofisi gani, nenda na mama yake kama yupo na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimika. Mwelezeni afisa anakaa wapi, nani anaweza kumpa kazi hata ya kubeba zege, na kama anatumia unga semeni wazi mana hilo linabadilisha kila kitu, anahitaji kliniki kabla ya chochote. Fanyeni kabla ya hukumu. Na ikitokea kafungwa tena, ulizeni gerezani tarehe yake ya kutoka, kwa kawaida theluthi moja ya kifungo inapunguzwa kwa tabia njema kwahiyo itakuwa mapema kuliko mnavyodhani, na siku hiyo awepo mtu mmoja wa kwenu getini na awe ameshapangiwa pa kulala mwezi wa kwanza.